Ampli ya papa ilikuwa na sauti yake kweli? Historia ya swali moja linalozunguka ndani ya nyumba zetu

Leo siandiki juu ya bei ya unga wala juu ya barabara. Kuna swali lililonifikia kutoka kwenu, na kulijibu kumenipeleka mbali katika historia.

Mama mmoja alinitumia ujumbe. Familia yake ilitoka Likasi mwaka 1993, baada ya kulala majuma mengi kwenye gare pamoja na maelfu ya watu wengine wenye asili ya Kasai waliokuwa wakingoja treni. Yeye alikuwa mtoto mdogo. Papa yake, mfanyakazi wa Gécamines, aliacha nyumba ya Panda na vitu vyote ndani yake. Katikati ya vitu hivyo kulikuwa na ampli moja ya Kijapani, yenye uso wa chuma unaong'aa, ambayo papa aliiwasha kila siku ya Mungu baada ya misa. Papa alifariki ugenini. Sasa mama huyu ameona sokoni, mahali anapoishi, ampli ya zamani inayofanana na ile kabisa. Muuzaji anataka pesa nyingi, zinazokaribia masomo ya watoto wake wawili kwa miezi mitatu. Anamwambia: “Mama, hizi za leo haziimbi kama hizi za zamani. Hii ina sauti yake.”

Mama ananiuliza: “Ndugu mwandishi wa habari, ni kweli? Ampli mbili zinaweza kutoa wimbo mmoja kwa sauti mbili?”

Nilimwomba anipe siku chache. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Kazi ya ampli ni nini

Tuanze na kazi yenyewe. Ampli inapokea alama ndogo sana ya umeme kutoka kwenye redio, kaseti, diski au simu, na kuifanya kuwa kubwa, yenye nguvu ya kusukuma bafle. Basi. Haitungi wimbo wala haichezi gita. Kile kilichoingia kidogo kinapaswa kutoka kikubwa, bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Mwingereza Peter Walker, aliyeanzisha kiwanda cha Quad mwaka 1936, alipenda kusema kwamba ampli bora ni kama waya ulionyooka, ila waya unaokuza.

Sisi wa redio tunalijua jambo hili kwa kazi yetu. Sauti yangu, kabla ya kufika jikoni kwako, inapita katika ampli ya mikrofoni, ampli ya meza ya kuchanganya sauti, mtambo wa kurusha, halafu ampli ndogo iliyo ndani ya posti yako. Kama kila moja ingetia ladha yake, ungesikia nini mwishoni? Usingeweza hata kujua kama anayesema ni mwanamume au mwanamke.

Hilo ndilo lililowasumbua wahandisi wa simu huko Marekani miaka mia moja iliyopita. Ili mtu wa pwani moja aongee na mtu wa pwani nyingine, sauti ilipaswa kupita katika ampli nyingi zilizofuatana njiani, na kila moja ilikuwa ikiharibu kidogo. Mwaka 1927 mhandisi Harold Black, akiwa ndani ya kivuko asubuhi akienda kazini New York, alipata wazo: kuchukua sehemu ndogo ya sauti iliyotoka, kuirudisha nyuma na kuipinganisha na ile inayoingia, ili makosa yajifute yenyewe. Hesabu yake aliiandika juu ya ukurasa wa gazeti aliokuwa nalo mkononi. Karibu kila ampli tunayoitumia nyumbani leo, ya bei kubwa na ya bei ndogo, ina wazo hilo ndani yake.

Gita moja, mashini nyingi

Sasa turudi hapa kwetu. Mwaka 1952, mji huu ukiitwa bado Jadotville, Mwingereza Hugh Tracey alifika na mashini zake za kurekodi kutoka Afrika ya Kusini. Hapa alikutana na kijana wa Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, akipiga gita. Wimbo wake “Masanga” ulirekodiwa hapa hapa, ukaenda kwenye diski, ukasikika mpaka Nairobi na Ulaya. Wapiga gita wa Afrika Mashariki walijifunza kwa kusikiliza diski hizo.

Fikirieni jambo hili. Bosco alipiga mara moja. Lakini mwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, isiyo na ampli yoyote, alisikia Bosco mwembamba, kana kwamba anapiga ndani ya mkebe. Mwenye posti ya malampe, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani, alisikia Bosco mnene zaidi. Ng'ambo ya mpaka, huko Zambia ya leo, watu walikuwa wakinunua tangu 1949 redio ndogo ya betri iliyotengenezwa kwa umbo la sufuria ya alumini. Yeyote aliyesikiliza muziki kwa sufuria ile alisikia sauti ya namna nyingine tena.

Basi wazee wetu hawakukosea kusema kwamba kila mashini ina sauti yake. Ilikuwa kweli. Lampe za bei ndogo zilikuwa na nguvu chache, bafle ilikuwa ndogo, sanduku lilikuwa la mbao au la bati, na vyote vilikuwa vimefungwa pamoja. Hakuna aliyeweza kusema: hii ni kazi ya ampli, hii ni kazi ya bafle, hii ni kazi ya sanduku.

Halafu transista ikaja. Ilizaliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, na katika miaka ya 1960 na 1970 ikaingia katika ampli za nyumbani. Ndipo vitu vikaachana: ampli pembeni, mabafle pembeni, diski na kaseti pembeni. Na ndipo ubishi ukaanza, maana sasa mtu aliweza kubadili ampli peke yake na kuuliza: je, nasikia tofauti?

Kufunika macho ili kuamini masikio

Huko Uingereza, Peter Walker alichoshwa na ubishi huo. Mwaka 1978 majaribio yalifanyika kwa ampli tatu za kiwanda chake: moja ya malampe iliyotoka mwaka 1953, na mbili za transista, ya 1967 na ya 1975. Waliwekwa wasikilizaji waliozoea kazi ya muziki na sauti, bila kuambiwa ampli gani inapiga. Ukitazama matokeo, hawakufanya vizuri kuliko mtu anayekisia kwa kurusha sarafu.

Mwaka 1985 Mmarekani Bob Carver aliwaambia waandishi wa gazeti la Stereophile: chagueni ampli ya bei kali mnayoipenda, nami nitarekebisha ampli yangu ya bei ndogo mpaka mshindwe kuzitofautisha. Alifungiwa katika chumba cha hoteli, akapima, akabadilisha vipande, na baada ya siku mbili hivi waandishi wenyewe walikubali kwamba wameshindwa. Mwezi wa kwanza wa 1987 gazeti lingine, Stereo Review, lilichapa jaribio la wasikilizaji 25 na ampli sita. Ya bei ndogo iligharimu kama dola 220, na za bei kubwa zilifika dola 12,000. Walipofichwa majina na sauti zikasawazishwa, waliodai kusikia tofauti hawakuwapita wale waliosema hakuna tofauti.

Ni haki niseme na upande wa pili. Mwandishi John Atkinson alikuwemo katika lile jaribio la Walker. Aliamini matokeo, akaacha ampli aliyokuwa nayo, akanunua ile ya Quad. Baadaye alieleza kwamba kadiri siku zilivyopita, furaha yake ya kusikiliza muziki ilipungua, na akaja kufikiri kwamba majaribio ya haraka hayaonyeshi kila kitu. Wako wengi wanaomfuata mpaka leo. Mimi simwiti mwongo. Mtu anayesema “sikufurahi” anajua moyo wake. Lakini “sikufurahi” na “masikio yangu yalisikia tofauti” si maneno mamoja.

Mbona basi sisi tunasikia tofauti?

Hapa ndipo nilipotaka kufika, maana hapa Likasi kila fundi na kila mwenye nganda atakuapia kwamba anasikia. Hawasemi uongo. Sababu ziko, na nyingi haziko ndani ya ampli.

Ya kwanza ni ukubwa wa sauti. Ampli moja ikipiga juu kidogo tu kuliko nyingine, kidogo kiasi cha wewe kutojua kwamba iko juu, sikio litasema: hii ni safi zaidi, hii ina besi nzuri. Wauzaji wanajua. Wanakigusa kifungo huku wakiongea na wewe.

Ya pili ni umeme wetu. Viwanda vya Panda na Shituru vilipata umeme wa Mwadingusha tangu 1930, na sisi wa mitaani tuliunganishwa nyuma yao. Leo jioni, watu wote wanapowasha jiko, volti 220 zinaweza kushuka sana. Sasa fanya hesabu. Ampli ya zamani yenye transfo kubwa hupunguza volti zake za ndani kwa kufuata umeme unaoingia, na nguvu yake hushuka kwa haraka zaidi kuliko volti. Volti zikishuka kutoka 220 mpaka 165, yaani robo moja imepotea, nguvu inabaki zaidi kidogo ya nusu. Ampli ileile iliyoimba vizuri saa nane ya usiku inapasua sauti saa moja ya jioni. Mtu anasema ampli imezeeka, kumbe ni laini ya mtaa.

Ya tatu ni wati za uongo. Tunaona sanduku la plastiki limeandikwa “wati 3000”. Geuza nyuma, soma kibati: inakula wati 60. Hakuna mashini inayotoa nguvu kuliko ile inayokula. Na tukumbuke kwamba hata wati za kweli hazifanyi kazi kama tunavyodhani. Ampli ya wati 100 haina sauti mara mbili ya ile ya wati 50. Sikio linasikia nyongeza ndogo tu. Ili sikio liseme “hii ni mara mbili”, inahitaji nguvu karibu mara kumi.

Ya nne ni kulazimisha. Ampli ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake, inakata vichwa vya sauti. Unasikia kupasuka na kukwaruza. Hapo tofauti ni ya kweli, na hata mtoto ataisikia. Pia ampli mbovu ina sauti yake: kondensata zikikauka utasikia mngurumo. Na ampli nyingine za malampe hubadilika kidogo kwa kufuata bafle iliyofungwa, kwa hiyo hizo zinaweza kweli kuwa na ladha yao. Mtu akisema ampli zote ni sawa kabisa, naye amezidisha. Lililo sahihi ni hili: ampli mbili nzima, zisizolazimishwa, vifungo vya besi vikiwa katikati, sauti zikiwa zimesawazishwa, zitakushinda kuzitambua.

Bafle, na kobalti yetu

Kama unatafuta kitu kinachobadilisha sauti ndani ya nyumba, shika bafle. Badilisha bafle, utasikia mara moja. Isogeze kutoka katikati ya ukuta mpaka kwenye kona, besi itaongezeka bila kulipa hata faranga moja. Toa viti na pazia, chumba kitalia.

Na kwa bafle, historia ya dunia inapita mlangoni mwetu. Nyuma ya kila bafle kuna sumaku. Kwa miaka mingi sumaku nzuri za mabafle zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Nchi yetu ndiyo iliyokuwa ikitoa kobalti nyingi kuliko zote duniani, na sehemu yake ilisafishwa hapa Shituru. Vita vya Shaba vilipofika mwaka 1977, halafu Kolwezi mwaka 1978, bei ya kobalti ilipanda mara nyingi. Viwanda vya mabafle huko Marekani na Ulaya vikaacha sumaku ya kobalti, vikaingia kwenye sumaku ya feriti, iliyo nzito lakini ya bei ndogo. Mpaka leo wapenda muziki wa huko wanabishana kama mabafle ya kabla ya mabadiliko hayo yaliimba vizuri zaidi.

Nilipolisoma hilo nilinyamaza kidogo. Watu wa Kolwezi walikuwa wakikimbia na watoto mgongoni, na mbali sana mtu alikuwa akiuliza kwa nini bafle yake mpya si kama ile ya zamani. Hakujua kwamba swali lake lilianzia huku.

Kwa fundi wa Kikula

Sikutaka kumjibu yule mama kwa maneno ya magazeti peke yake. Nilikwenda kwa fundi mmoja wa Kikula ninayemwamini. Alikuwa na ampli ya Kijapani ya miaka ya 1970, nzito ya kuvunja mgongo, na pembeni kisahani kidogo cha kisasa alichokifunga ndani ya kopo la plastiki, cha dola chache. Bafle moja, simu moja, wimbo mmoja. Alitundika kitenge mbele ya meza. Tulikuwa watu wanne.

Mara ya kwanza alipiga hivi hivi, bila kusawazisha. Watatu kati yetu, mimi nikiwemo, tuliichagua ya zamani. Tukasema: “Hii ina uzito, hii ni ya wazee.” Fundi akacheka. Akachukua kipimo cha volti, akapima kwenye nyaya za bafle, akaonyesha kwamba ile tuliyoipenda ilikuwa juu kuliko nyingine. Akazisawazisha. Tukaanza upya, na hapo tulianza kugombana. Mzee mmoja aliapa kwamba anasikia ya zamani. Kitenge kikaondolewa, ilikuwa kopo la plastiki. Tulirudia mpaka tukachoka. Hakuna aliyeweza kushikilia jibu lake.

Halafu fundi akapandisha sauti mpaka kiwango cha sherehe ya ndoa. Kopo la plastiki likapasua. Ampli nzito ikaendelea kuimba bila shida. Wote wanne tuliitambua bila hata kufikiri. Hilo si jaribio la wataalamu, lakini lilinionyesha jambo lilelile: tofauti ilikuja pale nguvu ilipokwisha.

Nilichomjibu mama

Nilimwandikia hivi: “Mama, muuzaji anasema nusu ya ukweli. Ile ampli ni imara, na kama unataka kucheza muziki kwa watu wengi uwanjani, itakusaidia. Lakini kwa chumba chako kimoja, ampli ndogo iliyo nzima itatoa wimbo uleule. Kabla ya kulipa, fanya hivi: omba isikilizwe bila wimbo wowote, uone kama inanguruma. Gusa kifungo cha sauti, kikikwaruza ujue kuna kazi. Soma kibati cha nyuma. Omba ipigwe na nyingine pembeni, kwa bafle moja, mgongo wako ukiwa umegeuka, na mkono wa muuzaji uwe mbali na kifungo. Na kama una pesa kidogo, zitie kwenye bafle na kwenye regulateri ya umeme. Masomo ya watoto yalipwe kwanza.”

Nikaongeza na hili, kwa heshima: ile sauti unayoikumbuka ilitoka kwenye nyumba ya Panda, na mabafle ya papa, na ukuta ule, na umeme wa wakati ule, na papa mwenyewe amekaa kwenye kiti chake. Ampli ilikuwa kitu kimoja katikati ya hivyo vyote.

Alinijibu baada ya siku mbili. Amelipa masomo. Lakini aliandika pia: “Mwandishi wa habari, nimeelewa yote uliyosema. Hata hivyo siku nikipata pesa nitaicukua ile ampli. Si kwa sauti. Nataka watoto wangu waone kile kitu nkambo yao alichokuwa anakigusa.”

Sikuwa na la kumpinga. Hiyo ni sababu nzuri ya kununua ampli, na ni ya kweli kuliko ile aliyopewa sokoni.

Nanyi mlio na maswali ya namna hii, au mlioacha kitu Likasi mnachotaka tukizungumzie, tutumieni ujumbe wa sauti. Kutoka Likasi, mimi mwandishi wenu wa redio. Mubakie na amani.